Yoti Tuliyoingojea Likoni

Fundi wa mashua alichomoa kisu kiunoni, akakidunga kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua ya marehemu baba, na kisu kikazama kama kwenye papai bivu. Alikifuta kwa kitambaa, akatutazama mimi na ndugu yangu, kisha akainama kwenda kudunga mahali pengine. Huko nako kikazama.

"Wadudu wa baharini wameshaumaliza," akasema hatimaye. "Naweza kuziba, lakini nitakuwa nawadanganya."

Baba aliitumia mashua ile kubebea mawe ya kujengea na makuti tangu kabla mimi sijazaliwa. Sisi wawili alitufunza ndani yake. Mimi ndiye mkubwa, kwa hivyo nilikaa kwenye usukani. Ndugu yangu alishika demani, kamba ya kukazia na kulegezea tanga. Hata baada ya baba kufariki tuliendelea vivyo hivyo. Tuliacha kubeba mawe, tukawa tunatoka Jumapili, siku ambayo yeye hakuwa na zamu ya kreni bandarini na mimi nimefunga duka langu la kushona. Mara tulichukua familia zinazokwenda kutembea, mara wanawake wa chama fulani na masufuria yao ya pilau, na mara nyingi tulitoka wenyewe tu. Watu walishangaa mwanzoni kumwona mwanamke na buibui lake ameshika usukani. Baadaye wakazoea, wakawa wanashangaa ikiwa siku hiyo sipo.

Siku fundi alipotoa hukumu yake tulikaa kwenye mchanga muda mrefu. Ndugu yangu ndiye aliyeanza.

"Dada, tusinunue mashua nyingine. Tutafute yoti."

Nilicheka. Yoti kwangu zilikuwa vile vyombo vyeupe vinavyopita mbali, na ndani yake watu wenye kofia. Lakini alikuwa ameshafikiria. Akanionyesha picha kwenye simu: yoti ya faiba, si kubwa, mlingoti mmoja, iliyokuwa imeegeshwa katika hori moja, mkono wa bahari, huko Kilifi. Wenyewe walikuwa mtu na mkewe, wazee waliozunguka nayo bahari nyingi, na sasa magoti yalikuwa yamewakataza.

Tulikwenda kuiona. Yule bibi mzee alinionyesha kila kitu kwa mkono wake: jiko lililoning'inizwa ili chombo kikilala ubavu lenyewe libaki wima, kitanda chenye ubao wa kumzuia mtu asianguke, kijidirisha ambacho hupenda kukaa kando yake. Mumewe alikaa juu peke yake, ametupa mgongo. Tulipokuwa tunaagana bibi akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, chombo kitalala wapi.

"Nyumbani kwetu, Likoni," nikamwambia. "Kila asubuhi nikifungua dirisha nitakiona."

Akafurahi, akanishika mikono yote miwili. Ndugu yangu alikuwa amesimama hapo hapo na alisikia.

Si kwamba suala hilo hatukulizungumza. Tulilizungumza sana. Yoti ina mkuku mrefu, huwezi kuivuta mchangani kama mashua. Lazima iwe na maji chini yake hata bahari ikipwa, na lazima iwe na kwao. Tulifikiria Port Reitz, lakini maji ya kule yana tope na mafuta, na meli za makontena zinapita karibu. Yeye akataja marina moja ya ng'ambo, upande wa Kisauni, yenye magati yanayoelea na walinzi langoni. Mimi nikataja kijighuba chetu, chini ya mwamba, ambako mashua ya baba ililala miaka yote. Katikati yake pana kina cha kutosha, ila palihitaji kusafishwa.

"Itakaa kwetu, dada," akasema. "Itakaa wapi tena?"

Nakumbuka alikuwa anamenya chungwa, na akanikatia kipande.

Basi tukaiuza mashua ya baba kwa mtu aliyetaka mbao na vyuma vyake, kila mmoja akatoa alichokuwa nacho, na wale wazee wakatukubalia. Malipo na makaratasi niliyaacha mikononi mwa ndugu yangu. Sikuona sababu ya kufanya vingine.

Matanga ya yoti ile yalikuwa yameliwa na jua, yakichanika ukiyavuta kwa vidole. Nikasema nitashona mapya. Sikuwa nimewahi kushona kitu kikubwa namna ile. Sebuleni kwangu hakukutosha, nikaomba ukumbi wa madrasa wakati wa likizo, nikatandaza kitambaa sakafuni na kutambaa juu yake kwa magoti, chaki mkononi. Kitambaa cha tanga ni kigumu, kinakata ngozi. Mwalimu wa madrasa alikuwa akipita, ananiona nimeketi katikati ya weupe ule mtupu, anasema, "Mashallah, leo umefika wapi?" Namwambia nimefika kwenye kona. Kona za tanga ndizo zinazobeba nguvu yote ya upepo. Nilizishona tabaka juu ya tabaka hadi sindano zikawa zinavunjika.

Wakati huo huo mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la mafuta, aliniletea kutoka Changamwe injini ya lori iliyokufa. Vijana wa mtaani waliibeba kwa mti hadi ufuoni, wakaipakia kwenye dau, wakaizamisha katikati ya kijighuba iwe nanga ya boya letu la kufungia yoti. Wazee wa diko, pale wavuvi wanapoegesha, walikubali kusogeza vyombo vyao ili tupate nafasi. Nilikwenda kwao mwenyewe kuomba, nikakaa kwenye jamvi, nikaeleza. Mmoja akasema, "Ni chombo cha nyumba yenu, ni chetu pia." Bahari ilipokupwa, majirani zangu wanawake walijifunga leso wakaingia majini pamoja nami tukatoa mawe. Hakuna aliyeniuliza atapata nini.

Siku ya kuileta ilipokaribia ndugu yangu alikuja nyumbani. Nilikuwa nimeshatayarisha nguo zangu za safari na kofia.

"Dada, wewe baki," akasema. "Kuna mwenzangu wa kazini atanisaidia. Mama hajisikii vizuri, na tena nataka mtu wa kutupokea. Watu wote wale watasimama ufuoni, atasimama nani mbele yao kama si wewe?"

Nilivunjika moyo kidogo, lakini maneno yalikuwa na adabu, na mama kweli alikuwa akilalamika kifua. Nikampa matanga yakiwa yamekunjwa vizuri. Akayabeba begani, akanibusu mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Tulipika pilau masufuria mawili. Mwalimu wa madrasa alikuja asome dua, wazee wa diko walivaa kanzu, na wanawake walioondoa mawe walikuja na watoto wao. Kutoka juu ya mwamba wetu unaiona bahari yote ya nje na pengo la kwenye miamba ambamo vyombo huingilia. Ukiingia hapo, kushoto kwako ni Likoni na bandari kubwa. Kulia ni ule mkono wa maji unaokitenga kisiwa cha Mombasa na Kisauni.

Mimi ndiye niliyeiona kwanza. Niliyatambua matanga yangu mbali sana, jinsi mtu anavyomtambua mtoto wake kwa mwendo. Yalikuwa yamejaa upepo vizuri, hayana hata mkunjo mmoja. Nikasema, "Ndiyo hiyo." Wanawake wakapiga vigelegele.

Iliingia pengoni. Halafu ikakata kulia.

"Yuwaenda wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Anabisha," nikamjibu. "Upepo unamkabili huku. Lazima aende ule upande kwanza, kisha ageuze aje."

Nilisema vile kwa sababu ndivyo ambavyo ningefanya mimi kama upepo ungekuwa mbaya. Lakini upepo haukuwa mbaya. Ulikuwa wa ubavuni, wa kumleta moja kwa moja hadi miguuni petu, na wazee wale walijua kama nilivyojua. Hawakunibishia. Yoti ikazidi kwenda. Nikaeleza tena: labda anakwepa meli. Hapakuwa na meli. Nikasema huenda usukani una tatizo. Nilisikia sauti yangu ikizungumza upesi upesi, na watu nyuma yangu wakizidi kunyamaza. Kisha tukaona tanga la mbele likishushwa, taratibu, kwa nidhamu, kama wanavyofanya watu waliofika wanakokwenda. Ikapotea nyuma ya majengo.

Nilipiga simu. Haikupatikana. Mwalimu wa madrasa aliuliza kwa upole kama asome dua au asubiri. Nikamwambia asome, tule, chakula kisipoe. Watu walikula. Waliniaga mmoja mmoja kwa maneno mazuri mno, kama wanavyoaga matangani.

Kesho yake nilivuka feri, nikaenda Kisauni. Langoni mwa marina mlinzi kijana wa bara alinisimamisha.

"Madam, wa kufua wanaingia ule mlango mwingine."

"Nimekuja kuiona yoti yangu," nikamwambia.

Akatazama buibui langu, akatazama kikapu. Nilikuwa nimembebea ndugu yangu pilau iliyobaki. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilimweleza ni yoti gani, akazungumza kwenye redio yake, kisha akanifungulia.

Nilitembea juu ya gati linaloelea, linatikisika kidogo chini ya miguu. Yoti yetu ilikuwa katikati ya nyingine, imefungwa kamba mpya. Ilikuwa nzuri. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: iliniuma zaidi kwa kuwa ilikuwa nzuri. Ndugu yangu alikuwa juu yake, amevaa viatu vyeupe ambavyo sijawahi kuviona. Pamoja naye alikuwa mtu wa makamo mwenye maghala yake Changamwe. Huyo ndiye aliyekuwa "mwenzangu wa kazini". Mtu yule aliponiona alisimama kwa heshima na kutabasamu.

"Ndiye huyu fundi?" akamuuliza ndugu yangu, kisha akanigeukia bila kungoja jibu. "Karibu, mama, karibu. Wallahi kazi uliyoifanya kwenye matanga haya sijaiona Mombasa hii. Jana tumekuja kama tunateleza. Nimemwambia huyu bwana, fundi kama yule tumtunze. Hapa yoti nyingi zinataka matanga, nitakutafutia wateja. Alikulipa vizuri lakini?"

Nilimtazama ndugu yangu. Alikuwa ameinama, anafungua kamba iliyokuwa imefungwa sawasawa, ili aifunge tena.

Nilingoja mpaka akaifunga.

"Mimi ni dada yake," nikamwambia yule bwana. "Baba mmoja, mama mmoja. Nusu ya chombo hiki ni yangu."

Tabasamu lilimtoka polepole. Akamtazama ndugu yangu, akanitazama mimi. "Mimi niliambiwa nusu ni yake, nusu ni yangu," akasema. "Ndivyo ilivyoandikishwa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Samahani sana, dada. Sikuambiwa." Akavuka kwenye gati, akaenda zake akatuacha.

Nyuma ya yoti, kwenye tezi, palikuwa pameshaandikwa jina la chombo, na chini yake jina la kwao, kama desturi ya yoti inavyotaka. Hapakuandikwa Likoni. Rangi ilikuwa imeshakauka.

"Nilikuwa nitakueleza," ndugu yangu akasema.

"Lini?"

"Dada, fikiria. Hapa kuna maji ya bomba, umeme, ulinzi. Mgeni anashuka garini anapanda chomboni hajachafua kiatu. Kwetu pana nini?"

"Kwetu watu wamevunja mgongo kuondoa mawe. Uliwaona. Ulikuja ukawakuta majini, ukapiga picha."

"Nilijua utakataa."

"Kwa hivyo ulijua."

Halafu akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa ndilo la kweli zaidi siku hiyo. "Kila tulipotoka na mashua, watu walikuwa wakisema ni chombo cha dada yake. Nina watoto wakubwa, nami bado nashika demani."

Kama angeniambia hivyo pale mchangani, siku fundi alipochomoa kisu, ningempa usukani. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ungesema umenipa." Nilikiweka kikapu juu ya gati nikaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, anakokaa nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka kwangu. Nilitaka amkasirikie mwanawe kwa niaba yangu. Nilimkuta amekaa kitandani anachambua mchele. Nikamsalimu shikamoo, akaitika, nikaanza kumsimulia, na katikati ya maneno yangu nikaona hainui macho. Anachambua tu. Hapo ndipo iliponijia kwamba jana hakuja ufuoni. Alisema kifua, lakini hata kiti hakuomba kitolewe mlangoni.

"Mama, ulijua?"

Vidole vyake vilisimama.

"Aliniambia," akasema. "Akaniomba nisikwambie. Nlidhani atageuza nia, mwanangu. Nlidhani akiwaona watu wamesimama, hataweza."

"Ukaniacha nipike."

"Ungepika tu hata hivyo. Watu walikuwa washaalikwa." Kisha akasema, "Yeye ni mwanamume, ana nyumba ya kuinua. Wewe una mume, una duka lako. Na wewe una nguvu, siku zote umekuwa na nguvu."

Niliinuka. Ndugu yangu alikuwa amenichukulia chombo na mahali pangu pa kukaa ndani yake. Hayo niliweza kuyashika mkononi na kuyatazama. La mama sikuweza. Nilikuwa nimeingia kwake kila asubuhi wiki zote zile, nikimweleza nimefika wapi na matanga, vidole vyangu vikiwa na bendeji, naye akinimiminia chai na kusema Mungu akusaidie. Kila asubuhi.

Ami yetu, ndugu wa baba, alituita tukae naye. Hakupiga kelele. Alimwambia ndugu yangu arudishe mchango wangu wote na aseme samahani mbele ya wazee wa diko. La kwanza alilifanya, kidogo kidogo. La pili hakulifanya. Mimi nilitaka kukataa kuvipokea vile vijisehemu, lakini mume wangu akaniambia, "Ukikataa atasema umemsamehe." Nikapokea.

Kilichonishangaza ni majirani. Nilikuwa nawakwepa, nikienda dukani nilizunguka njia ya nyuma. Kwa kuwa ni mimi niliyekaa kwenye jamvi la wale wazee, niliona uongo ule umetoka kinywani mwangu. Siku moja wanawake watatu walikuja dukani, wakakaa kama waliokuja kupimwa nguo. Mmoja akasema wamezungumza na wazee wa diko, kuna mashua huko Mtongwe mwenyewe amekufa na watoto hawaitaki, na kwamba wao wako tayari kuchanga ikiwa nitakubali kuwa nahodha. Nikawauliza kama hawaogopi. "Tuogope nini?" akasema. "Wewe ulikata kulia?"

Tuliinunua. Ni nzito, haikimbii kama yoti, na kalafati yake, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, inataka kazi kila mwaka. Lakini ni ya watu wengi, na kila mmoja jina lake linajulikana. Ninapeleka wanafunzi kujifunza kuogelea, wanawake na vyama vyao, na mara moja moja maharusi. Mara nyingine tunapishana na yoti pale pengoni. Ndugu yangu amekuwa nahodha mzuri. Hilo siwezi kumnyima. Matanga yangu bado yanashika umbo, ingawa kona moja naiona imeanza kulegea na najua mshono gani ungeitengeneza. Hajaniomba, na mimi sijasema.

Mama naendelea kumtunza. Nampelekea chakula, nampeleka hospitali Port Reitz kwa kifua chake, ambacho safari hii ni ugonjwa wa kweli. Ila simwelezi tena mambo yangu. Akiniuliza habari za mashua namwambia nzuri, na ananitazama akitaka zaidi, nami naanza kuosha vyombo.

Idd iliyopita tulikutana wote kwake. Tulikula, tukazungumza habari za feri na karo za watoto. Ndugu yangu alikuwa amenenepa kidogo na ndevu zimeanza mvi, kama za baba. Tulipobaki wawili ukumbini aliniambia, bila kunitazama, "Dada, njoo siku moja tutoke pamoja. Usukani uushike wewe."

"Inshallah," nikamjibu.

Kuna inshallah ya kukubali na kuna inshallah ya kumaliza mazungumzo, na mtu wa pwani hakosei kuzitofautisha. Alitikisa kichwa kama aliyeelewa, akachukua tende. Lakini mama alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, akaitikia inshallah yake kwa sauti ya furaha, akidhani tumepatana. Hakuna kati yetu aliyeinuka kwenda kumwambia.